Ndoa ya Epizodi ya Saba

Weye Masikio-Wazi, rafiki yangu, sogea karibu, kaa. Weye hauko mutu wa kukatia mwenzako maneno, njo maana nakuletea hizi barua zote, zangu na za yaya yangu Amuri, kaka yangu mukubwa, sawa vile ziko, bila kupunguza matusi.

Mimi naitwa Mwamvita. Ninafanya teatre ya televizio hapa Kasongo. Hakuna mutu alinifundisha. Kukata picha na kuziunga nilijifunza ku telefone, nikiangalia watu wa mbali namna wanafanya, nikirudilia mpaka kichwa inaniuma. Teatre yetu inaitwa «Kwetu Hakulaliki»: watu wa nyumba moja wanagombana, wenye kuangalia wanacheka. Inapita ku televizio ya hapa kila jumamosi, epizodi moja moja, kisha wamotari na pikipiki zao wanaipeleka mu karti memoari ya telefone mpaka Salamabila, kule wanachimba dhahabu. Kule wanaionyesha mu sine, ile nyumba ya video, watu wanajaa mpaka mulangoni.

Amuri naye iko kule Salamabila, ananunuaka dhahabu. Tangu baba alikufa, yeye njo mukubwa wa nyumba. Utaniuliza: juu ya nini barua, na simu ziko? Juu ku simu tulitukanana mpaka Mama akaninyanganya telefone mukononi, akasema kama hatuwezi kusema kama watu, basi tuandike. Barua zinapita kwa Célestin, motari wa ile njia. Na Mama hasomi, mimi njo namusomea kwa sauti. Hiyo uishike vizuri, juu Amuri naye anaijua vizuri.

Sasa soma.

*

Salamabila, tarehe 14 mwezi wa pili 2024

Mudogo yangu Mwamvita,

Asalam alekum. Salamu kwako na kwa Mama, zaidi kwa Mama. Mugulu wake unaendelea namna gani? Ninamutumia dawa ya kupakaa kwa mukono wa Célestin, asipakae mingi. Huku mvua inanyesha, barabara ya Kabambare imekuwa matope matupu, lakini tunaishi. Nilisikia binamu yetu wa Lusangi alizaa mapacha. Muende mumuone, mumuambie niko na furaha.

Sasa tuseme.

Jumapili niliingia mu sine na watu wangu wa kazi. Niliwaingiza wote, nikawaambia: hii teatre ni ya mudogo yangu, mutaona. Nilikaa mbele kabisa. Na nikaona nini? Nikaona Sifa. Sifa ule niliyemuposa mimi. Amekaa mu salo, sebule ya baba yetu, amefunikwa kitenge, na baba yake Mzee Souleymane amemushika mukono ule muuza-masabuni Yassine, anamuambia: Nimekuozesha binti yangu Sifa kwa mahari ya mbuzi huyu. Na Yassine anajibu: Nimekubali. Mashahidi wawili wanaitika. Mbuzi inalia nje. Sine yote wakapiga makofi.

Kisha mutu mmoja nyuma yangu akasema: "Patron, si ule njo muchumba wako?" Pale watu wakacheka kuliko walivyocheka teatre yenyewe.

Ulikosa wasichana mu Kasongo nzima? Na ukishamuchukua, ulikosa jina ingine ya kumupa? Sifa anaitwa Sifa, Yassine anaitwa Yassine, baba anaitwa Souleymane. Ni teatre gani hiyo? Ile ni harusi ya kweli yenye kukosa pilau tu.

Nijibu vitu viwili. Nani alikupa ruhusa. Na Sifa mwenyewe anasema nini.

Na hiyo epizodi uiondoshe mahali pote iko.

Yaya yako,
Amuri

*

Kasongo, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Yaya Amuri,

Alekum salam. Mama anaendelea. Ile dawa alipakaa yote siku moja, unamujua. Tulienda Lusangi, mapacha wako wazima, mumoja analia hata akishashiba, wakasema anafanana na weye. Paa ya jikoni inavuja. Nilishakuambia mwaka jana kama inavuja, leo nakuambia tena.

Ruhusa. Nilikupigia simu mbele ya kuanza, nikakuuliza: Sifa anaweza kucheza mu teatre yangu? Ulinijibu: "Mwamvita, niache na michezo ya watoto, niko ku kazi." Ukakata. Mimi nilihesabu hiyo ni ndiyo.

Majina. Weye unanunua dhahabu, sikufundishi namna ya kupima. Mimi pia usinifundishe. Watu wangu wanauza samaki ya Nyangwe, wanatengeneza baiskeli, wanauza masabuni, ndiyo, masabuni, iko haya gani? Hawana wakati ya kushika maneno ku kichwa. Ku mwanzo niliwapa majina ya kutunga. Yassine nilimuita Gaston. Kila nikisema "Gaston, ingia," anabaki amesimama, anaangalia nyuma amuone Gaston. Nikachoka. Nikasema: kila mutu jina lake, kila mutu aseme vile angesema kwao. Tangu ile siku watu wakaanza kucheka. Juu hawaoni mutu anadanganya.

Mzee Souleymane hakuna mutu alimuita. Alisikia kama kuko harusi, akaja na kanzu mupya, akasema hakuna mwanaume mwingine wa kumuozesha binti yake, hata ku televizio. Nilimuachia maneno, aseme vile anajua. Aliyasema mara moja tu, hatukurudilia. Pitchou, mutu wa kamera, alilia nyuma ya kamera. Pitchou mwenyewe ni mukristo, hata hakujua ni mahali gani pa kulia.

Epizodi ya saba siondoshi. Ni ile njo watu wa televizio ya Kindu waliona, wakanipigia, wakauliza kama kuko zingine.

Na weye, kwa sababu tuko tunaulizana: ulimuposa Sifa, ukapanda pikipiki, ukaenda. Ziko Idi ngapi zimepita?

Mudogo yako,
Mwamvita

*

Salamabila, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Mwamvita,

Asalam alekum. Idi yetu ilikuwa nzuri, tulichinja. Mama alipata kile kitenge? Kama ni kifupi, amupe mushonaji aongeze ku kiuno. Paa nitatuma mutu.

Nilikuuliza Sifa anasema nini. Ulinijibu habari ya Gaston.

Sikia vizuri. Idi ilipopita nilimuandikia Mzee Souleymane, nikamuambia niko tayari, tupange siku ya nikaha. Amenijibu nini? Eti shehe wa kwao anakataa. Shehe aliona epizodi yako kwa kinyozi, akinyolewa. Akasema: baba wa binti alikuwa pale, mashahidi walikuwa pale, mahari ilitoka, majina ni ya kweli, na mambo ya ndoa hayana mchezo. Yeye hawezi kumuozesha binti wakati pengine tayari ni muke wa mutu. Anasema kuko njia mbili. Ao wale wawili waje mbele yake, kila mutu aseme nini ilikuwa mu moyo wake ile saa: kuoa, ao kucheza. Ao Yassine atoe talaka, neno moja, mashahidi wasikie, na mambo inaisha.

Kwa hiyo mimi, mutu mukubwa, naomba talaka kwa muuza-masabuni. Ni weye uliyenifikisha hapa.

Mimi nachagua njia ya talaka. Ile ya moyo inapoteza wakati. Umeozesha ku televizio, achanisha ku televizio. Epizodi ya mwisho, salo ile ile, majina yale yale. Watu wote waliowaona wakioana, wawaone wakiachana. Kisha nitakuja.

Hapa usimusomee Mama. Ile nyumba iko kwa jina langu. Salo munapochezea, kiti munapokalia, ukuta munapoegemeza mikro ya kushika sauti, ni vyangu. Ukikataa, nitaifunga, ukacheze teatre yako sokoni katikati ya samaki.

Endelea kumusomea. Mama, nakuombea afya njema.

Amuri

*

Kasongo, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Alekum salam. Barua yako ilichelewa, kilalo, ile daraja ya miti, kilianguka kule mbele ya Lusangi, Célestin alingoja mpaka walipanga miti mingine. Mama iko muzima. Kitenge ni kifupi. Ule mutu wa paa hatukumuona.

Nilimusomea Mama yote. Na pale ulisema nisimusomee, nilisoma kwa sauti zaidi. Aliniomba chai tu. Hiyo njo jibu lake, itafsirie weye mwenyewe.

Habari ya mbuzi, juu utaulizwa. Ile mbuzi ilikuwa ya jirani, tuliiomba kwa siku moja. Tulipomaliza kupiga picha, Mzee Souleymane aliifunga kamba akaenda nayo kwake. Nilimufuata. Nikamuambia: Mzee, teatre imeisha, mbuzi irudi. Akaniangalia kama mutu anaangalia mwizi. "Nilipewa mbele ya watu, nilipokea mbele ya watu. Nikirudisha, nitakuwa nimemuozesha binti yangu bure?" Nikamuuliza: kwa hiyo ameolewa? Akasema: "Ile ni kazi ya shehe. Mimi kazi yangu ni mbuzi." Jirani nilimununulia ingine.

Yassine nilimuuliza kama anaweza kusema talaka. Alinijibu: "Patron ni weye. Ukiniambia niseme, ninasema. Nisimame wapi?"

Lakini sitamuambia. Epizodi ya mwisho nilishaitunga zamani: ni Idi, nyumba yote wanagombania kichwa ya mbuzi, mugeni anakuja, wanajifanya wanapendana. Ni nzuri, inachekesha. Teatre yangu haiko tribinali ya kwako. Ukitaka muke wa mutu, kuja umuombe mwenyewe, kwa mudomo, ukisimama ku miguu yako mbili.

Kitu ingine. Célestin alituambia kama barua yangu ya mwezi wa tatu haukuipokea weye. Aliipokea mama mmoja kijana, na mutoto ku mugongo. Ule mama alimuambia Célestin: "Baba yake iko ku shimo, anarudi magaribi."

Baba ya nani, yaya?

Hapa nimusomee Mama, ao nisimusomee? Weye njo unapangaka.

Mwamvita

*

Salamabila, tarehe 19 mwezi wa munane 2024

Mwamvita,

Asalam alekum. Salamu kwa Mama. Jua ni kali. Bei ya dhahabu inashuka, lakini tunaishi.

Bwana Pacifique, mufanyabiashara, atafika kwenu na simenti yake. Salo nimemupangisha, ataweka mali yake pale mpaka atakapouza. Mumupokee kwa heshima. Mama abaki mu chumba yake, hakuna mutu anamugusa. Ufunguo wa mulango mukubwa ubaki kwa Pacifique.

Sifa anasema nini? Ni mara ya tatu nauliza.

Amuri

*

Kasongo, tarehe 15 mwezi wa kenda 2024

Yaya Amuri,

Alekum salam. Mama anakusalimia. Anakohoa, juu ya vumbi ya simenti. Mapacha wa Lusangi wanaanza kukaa. Ule anafanana na weye bado analia.

Simenti ilifika. Mifuko mpaka karibu ya paa, kumebaki kanjia kadogo ka kupita kwenda mu chumba ya Mama, anapita ubavu. Bwana Pacifique ni mutu muzuri, aliomba musamaha mara mingi. Aliniambia hakujua kama pale tunafanyaka teatre. Nikamuuliza: unapenda kucheza? Akasema tangu utoto.

Kwa hiyo tulicheza mu simenti. Epizodi ya kumi na moja. Nyumba inaamuka asubuhi, salo imejaa mifuko, hakuna mutu anajua ni ya nani. Wanakaa juu yake, wanakula juu yake, bibi-arusi anaficha sukari katikati yake. Kila wakipiga simu kumuuliza yaya yao wa mbali, ule tajiri wa dhahabu, "Unarudi siku gani?", hajibu, anatuma mifuko ingine. Yaya wa Dhahabu anachezwa na Pitchou, na muto wa kulalia ku tumbo. Kamera alimuachia Yassine ile siku. Anaongea hivi, pole pole, na kidole juu: "Mumupokee kwa heshima." Watu wa mutaa waliokuja kuangalia tukipiga picha, walianguka chini wakicheka. Tulirudilia mara mingi juu ya vicheko yao.

Ulitaka kunizima, ukanipa epizodi nzuri kupita zote. Aksanti.

Kindu wamesema wataichukua. Wanataka mwaka wa pili mzima, na wanataka Sifa na Yassine wabaki bwana na bibi, na nyumba iwe hii hii. Walisema: hiyo ukuta ya rangi ya majani, hiyo hiyo. Kwa hiyo unajua sasa kitu gani unashika mukononi. Ukiuza ao ukifunga, mimi nakwisha. Nakuambia wazi, sifichi, juu najua unajua.

Karti memoari inakuja na barua hii. Ingia mu sine. Kaa mbele.

Mwamvita

*

Salamabila, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2024

Mwamvita,

Asalam alekum. Salamu kwa Mama. Kikohozi, achemushe tangawizi, alale ku dirisha.

Niliona. Sikukaa mbele, lakini haikusaidia.

Huku hakuna mutu ananiita Amuri tena. Wakrezeri, wale wachimbaji, wananiletea dhahabu, ninaweka ku mizani, ninasema bei, mumoja anainua kidole: "Mumupokee kwa heshima." Wote wanaanguka. Nilimufukuza mumoja, akaenda kuuza kwa mutu mwingine, mwenziwe akamufuata. Watoto mu njia wananiita Simenti. Weye unafikiri umefanya teatre. Umefanya kazi yangu irudi nyuma, kazi ambayo ilimulisha Mama na ilikununulia weye ile telefone ya kujifunzia.

Nilikaa nikafikiri mingi. Siwezi kukuomba uondoshe, najua hautaondosha. Kichwa yako ilitoka kwa baba, na yangu pia. Kwa hiyo sikia.

Nitakuja mwenyewe. Epizodi ya mwisho ninacheza mimi. Pitchou avue muto. Kama kuko mutu wa kumucheza Amuri, ni Amuri.

Itakuwa hivi. Yaya wa Dhahabu anafika ku nyumba. Wote wanashangaa. Anawasalimia. Anatoa simenti yake yote nje. Yassine anamuachia Sifa: neno la talaka, wazi, mashahidi wale wale. Nimeuliza: kama hawakukaa pamoja kama bwana na bibi, hakuna siku za kungoja. Hawakukaa pamoja, si ndiyo? Nijibu hiyo. Kisha pale pale, mu salo, Mzee Souleymane ananishika mukono mimi. Nikaha ya kweli, shehe mwenyewe akae. Kamera iwake toka mwanzo mpaka mwisho. Wote waliocheka waone namna inaisha.

Weye unajua hiyo ni epizodi gani. Usijifanye. Hata ungetunga mwaka mzima haungepata kama hiyo.

Ukikubali, nyumba ninaiandikisha kwa jina la Mama mbele ya watu, na weye unafanya teatre yako pale mpaka uchoke. Ukikataa, kuko mutu wa Kabambare anataka kununua, na huyu hapendi teatre.

Ule mama na mutoto uliyeuliza: mambo ya huku ni mambo ya huku.

Na Sifa. Sikuulizi tena anasema nini. Atasema nikifika.

Mupe Célestin jibu, angoje pale, asirudi bila karatasi.

Amuri

*

Rafiki, barua ziliishia pale. Sasa nakuambia ile yenye haiko ndani.

Niliisoma mara moja kwa sauti, nikamaliza, na kitu ya kwanza ilinijia haikuwa hasira. Ilikuwa kamera. Niliona mahali pa kuiweka: mulangoni, chini kidogo, ili Amuri akiingia aonekane mukubwa, kisha akianza kubeba mifuko anakuwa mudogo, mudogo. Niliona uso wa Mzee Souleymane akiulizwa kama mbuzi ya zamani inahesabika. Nilipigia Kindu, nikawaambia tu vile, kama mufano. Mwanamuke wa kule akasema: "Hiyo, hata Kinshasa wataiomba."

Mama alisema: "Umukubalie kaka yako, nyumba ipone. Sifa atazoea." Akageukia ukuta. "Mimi nilizoea."

Nikaenda kumutafuta Sifa. Nilimukuta sokoni, anageuza samaki ku jua. Nilimuambia yote, hata ya shehe, hata ya kungoja siku. Hakuacha kugeuza.

"Ile siku ya epizodi ya saba," akaniambia, "mbele ya kuwasha kamera, uliniambia nini ku sikio?"

"Nilikuambia useme kama kweli."

"Nilisema kweli."

Sikuelewa mara moja. Akaniangalia mpaka nikaelewa.

"Baba aliniuliza kama ninakubali, nikasema ndiyo," akasema. "Sikusema kwa kamera. Hata sikujua kamera iko wapi."

"Na Yassine?"

"Nilimuuliza. Aliniambia ile saa alikuwa anafikiri mikro, juu ilikuwa inateleza ku shati." Akacheka, kicheko ya kukatika. "Unataka niende kwa shehe? Nimuambie mimi nilikuwa na nia, mwenzangu alikuwa na mikro? Nia ya mutu mmoja inafaa nini?"

"Amuri humutaki."

"Amuri aliniposa nikiwa sijui kusema. Sasa najua, weye njo ulinifundisha." Alipangusa mikono ku kitenge. "Usimuandikie hiyo. Baba akisikia nilimupenda Yassine mbele ya kuulizwa, atanifungia ndani na ile mbuzi yake. Na Yassine akisikia, atakimbia mpaka Nyangwe. Wote wawili nitawapoteza."

"Basi nimuandikie nini?"

"Andika vile unataka. Ukinipanga mbele ya Amuri na kamera, nitasema ndiyo tena. Ni weye unaniambiaka niseme nini." Akachukua samaki ingine. "Lakini mara hii usiniambie niseme kama kweli. Mara hii nitacheza."

Nikarudi ku nyumba. Nikakaa juu ya mufuko wa simenti, hakuna mahali pengine pa kukaa. Nikaweka karatasi ku magoti.

Nikiandika ndiyo, niko na nyumba, niko na Kindu, niko na epizodi yenye watu hawatasahau, na Sifa anakuwa bibi ya yaya yangu kwa uongo, kwa kamera yangu, na kule Salamabila kuko mwingine na mutoto ku mugongo. Nikiandika hapana, mutu wa Kabambare ananunua, Mama anatoka mu chumba alimozalia, na «Kwetu Hakulaliki» inakufa. Nikiandika ile ya kweli, kwamba ile saa Sifa alikuwa na nia, Amuri anaanguka, najua, hawezi kumuoa mutu mwenye alisema ndiyo kwa mwingine mbele ya sine nzima na moyo wake wote. Ataacha, na pengine hata nyumba atatuachia, kwa haya. Neno moja tu. Lakini hiyo neno si yangu, ni ya Sifa, na aliniomba.

Célestin iko nje, pikipiki inawaka, anapiga honi pole pole ili asimuamushe Mama. Salamu zote nimeshaandika. Habari za nyumba nimeshaandika. Nimeandika "Sasa tuseme," na kalamu imesimama pale.

Weye njo umesoma zote, za huku na za kule, bila kupendelea mutu. Kama karatasi ingekuwa ku magoti yako, ungeandika nini?